Namna ya kukifanya chama chenu kifikiwe na watu wenye ulemavu

Kila ninapokaa na viongozi wa vikundi vya kijamii, maswali huwa yale yale. "Tuanze na rampu?" "Hatuna mwanachama hata mmoja mwenye ulemavu, sasa tunajiandaa kwa ajili ya nani?" "Fedha zitatoka wapi?" "Nisije nikatamka neno baya, nawaitaje?" Nimeamua kuyajibu mahali pamoja, kwa mpangilio utakaokuwezesha kuanza kazi wiki hii. Nikisema chama nina maana pana: kikundi, klabu, jumuiya, asasi, watu wowote waliojipanga pamoja kwa hiari yao.

Jibu la swali la kwanza ni hapana, msianze na rampu. Rampu, yaani njia ya mteremko inayopitika pasipo kupanda ngazi, ni muhimu na vipimo vyake vimo humu, lakini hakuna anayefika mlangoni kabla ya kupata habari kwamba kuna mkutano. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata safari ya mtu mmoja: anasikia habari, anatoka nyumbani, anaingia, anakaa, anasema, anapiga kura, anachaguliwa. Popote safari hiyo inapokatika, hapo ndipo chama kimemfungia nje, hata kama katiba yenu inasema uanachama ni wa wote.

Kuhusu swali la pili: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani karibu mtu 1 kati ya 6 duniani, wana ulemavu mkubwa. Chama cha watu sitini kinachosema hakina hata mmoja kina mambo mawili ya kujiuliza. Ama wapo na wameona ni salama zaidi kunyamaza, kwa kuwa ulemavu mwingi hauonekani kwa macho, ama kuna kitu kinawazuia kuja.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Uamuzi wa kamati ulioandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Kazi hii ikiwa ya mtu mmoja mwenye moyo mwema, itakufa siku akihama.
- Mtu mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye namba ya simu inayopokea ujumbe na kupigwa, atakayeulizwa masuala ya ufikivu, yaani watu wenye ulemavu kuweza kufika na kushiriki.
- Fungu la bajeti lenye jina lake, hata likiwa dogo. Mahitaji yasiyo na fungu hugeuka kuwa maombi ya hisani kila mara.
- Watu wawili au watatu wenye ulemavu wa aina tofauti walio tayari kukushaurini. Rudisheni nauli zao na mlipe muda wao kama mnavyomlipa fundi au mhasibu.
- Utepe wa kupimia, daftari, na simu.
- Sheria ya nchi yenu kuhusu watu wenye ulemavu. Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu tarehe 13 Desemba 2006, ukaanza kutumika tarehe 3 Mei 2008, na nchi nyingi zimeuridhia. Mkataba huo unahesabu kumnyima mtu marekebisho stahiki, yaani mabadiliko anayoyahitaji yasiyo mzigo kupita kiasi, kuwa ni ubaguzi. Soma ujue unasimama wapi.

Neno kuhusu maneno

Sema "mtu mwenye ulemavu", "mtu mwenye ualbino", "mtu mwenye usonji", "mtu mwenye kifafa", "asiyeona", "mwenye uoni hafifu". "Kilema", "zeruzeru", "taahira" na "bubu" yaache. Yamebeba dharau ya miaka mingi. "Kiziwi" ni tofauti kidogo: vyama vya viziwi vyenyewe hujiita hivyo kwa fahari, kwa sababu wanajiona ni watu wenye lugha yao. Ukisitasita, muulize mhusika anapenda aitweje, kisha shika alichosema. Usikae mbali na mtu kwa kuogopa kukosea neno. Neno lililoteleza husamehewa upesi kuliko miezi ya kukwepwa.

Hatua ya 1: Kaeni na wenye jambo kabla ya kununua chochote

Harakati za watu wenye ulemavu zina kaulimbiu inayojulikana dunia nzima: lolote linalotuhusu lisifanyike bila sisi. Ichukueni kama utaratibu wa kazi. Kama hamna wa kumuuliza, nendeni kwenye vyama vinavyoongozwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Mashirika yanayowahudumia yanaweza kusaidia, lakini kuhudumia si sawa na kuwa na ulemavu.

Tafuteni aina tofauti za ulemavu. Asiyeona hawezi kumsemea kiziwi, na anayetumia kiti cha magurudumu hajui adha anayoipata mtu mwenye usonji katika ukumbi wenye kelele. Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: "Mara ya mwisho ulipotaka kuhudhuria shughuli kama yetu ukashindwa, ulikwamia wapi?" Halafu nyamaza, andika.

Nimewahi kukaa na kikundi kilichokwisha kutumia akiba yake yote kwenye rampu. Baadaye kikagundua kwamba watu watatu waliokuwa wakiikwepa mikutano yake wote walikuwa viziwi. Rampu haikuwa kosa. Kosa lilikuwa kutokuuliza.

Hatua ya 2: Itembeeni safari nzima kwa miguu, magurudumu na fimbo

Chagueni siku, mkutane na washauri wenu pale mtu anaposhuka kwenye usafiri, kisha mfuate njia mpaka kwenye kiti cha mkutanoni, mpaka chooni, na kurudi. Andikeni kila kikwazo na mahali kilipo, na mpige picha. Fanyeni hivyo saa ile ile mikutano yenu inapofanyika. Njia inayopitika mchana inaweza kuwa giza tupu jioni, na kiziwi asiyeona mikono wala midomo ya mwenzake gizani hawezi kuzungumza naye.

Msiwaombe watu wasio na ulemavu wafunge macho au wakalie kiti cha magurudumu kwa nusu saa ili "wajue inavyokuwa". Wanachotoka nacho mara nyingi ni huruma na hofu, wala si ujuzi wa mtu aliyeishi hivyo miaka ishirini.

Hatua ya 3: Tengenezeni habari zifike

Hapa ndipo nadhani vyama vingi hupoteza watu wengi zaidi, tena ndipo marekebisho yalipo ya bei ndogo kuliko kwingine kote.

Mialiko mingi siku hizi ni bango la picha linalorushwa kwenye kundi la WhatsApp. Simu ya asiyeona ina programu inayomsomea skrini kwa sauti, lakini ikikutana na bango hilo humwambia tu kwamba kuna picha. Mahali, tarehe na saa vyote vimefichwa ndani yake. Upande wa pili, kuna mwenyekiti anayerekodi ujumbe wa sauti wa dakika nne, na mwanachama kiziwi anabaki akiutazama.

Kanuni ni moja: kila tangazo litoke kwa njia mbili au zaidi. Kwa vitendo:

a) Chini ya kila bango andikeni kwa maandishi ya kawaida: nini, wapi, siku gani, saa ngapi, nani wa kuulizwa. Kila ujumbe wa sauti uambatane na muhtasari wa maandishi.

b) Karatasi zichapwe kwa herufi zisizo na madoido, ukubwa usiopungua nukta 12 (namba ya ukubwa wa herufi kwenye kompyuta), na 14 ni bora. Wekeni nakala chache za nukta 18 kwa wenye uoni hafifu. Msiandike aya nzima kwa herufi kubwa tupu. Rangi ya maandishi itofautiane waziwazi na ya nyuma yake. Kiwango cha kimataifa cha tovuti kinataka uwiano wa mwangaza kati ya rangi hizo mbili wa angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kijivu juu ya nyeupe kinapendeza kwa mbunifu peke yake.

c) Katiba, ripoti na kumbukumbu zitumwe kama faili la maandishi. Karatasi iliyopigwa picha na kugeuzwa PDF bado ni picha. Mkiandika kwenye kompyuta, tumieni mitindo ya vichwa vya habari iliyomo kwenye programu, badala ya kukoleza wino tu. Asiyeona huruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa mitindo hiyo.

d) Kwa viziwi wengi lugha ya alama ndiyo lugha ya kwanza, na maandishi ni lugha ya pili. Video ya dakika moja ya mtu akitoa tangazo kwa alama inafika pasipofikiwa na barua ya kurasa mbili. Kumbukeni pia kwamba hakuna lugha moja ya alama ya dunia nzima, hivyo video mliyoikuta mtandaoni ikitokea nchi nyingine huenda isieleweke.

e) Msikimbilie kuchapa kila kitu kwa nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa kugusa kwa vidole. Ulizeni kwanza. Wengi waliopoteza uoni ukubwani hawazisomi, na wengine wanapendelea faili au sauti. Anayezisoma, mpeni.

f) Sentensi fupi, maneno ya kawaida, jambo moja kwa aya. Mtu mwenye ulemavu wa akili atafaidika, na bila shaka wengine wote pia.

Kujaribu ni rahisi. Washa ile programu ya kusoma skrini, TalkBack kwenye simu ya Android au VoiceOver kwenye iPhone, fumba macho, ufungue tangazo lenu. (Jifunze kuizima kabla ya kuiwasha, kwani inabadilisha namna ya kugusa skrini, na watu wengi hukwama hapo.) Usichokisikia wewe, asiyeona naye hakipati. Jaribio hili linapima tangazo tu. Halikufundishi maisha ya asiyeona.

Kisha ongezeni swali moja kwenye kila mwaliko na kila fomu ya kujiunga: "Kuna jambo tunaloweza kuandaa ili ushiriki kikamilifu? Tuambie kabla ya tarehe fulani." Angalizo: msiulize "una ulemavu gani?" Hali ya afya ni siri ya mtu, na jina la ugonjwa halikwambii anahitaji nini. Mkilazimika kuhesabu kwa ajili ya ripoti, tumieni maswali sita ya Washington Group, kundi la kimataifa la wataalamu wa takwimu za ulemavu. Yanauliza ugumu wa kuona, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuzingatia, kujihudumia na kuwasiliana. Kila swali lina majibu manne: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, siwezi kabisa. Anayejibu "ugumu mkubwa" au "siwezi kabisa" kwenye swali lolote anahesabiwa. Neno ulemavu halimo ndani yake, na hilo huwapa watu wengi nafasi ya kujibu kweli.

Hatua ya 4: Njia, mlango na choo

Sasa toeni utepe.

Rampu: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, iwe na urefu usiopungua sentimita 12. Kidato cha sentimita 15 kinataka rampu ya sentimita 180. Ngazi tatu za namna hiyo zinataka mita 5 na sentimita 40. Watu hushtuka wakisikia hivyo, ndipo fundi anapoombwa "aifupishe kidogo". Msikubali. Rampu kali humrudisha mtu nyuma au kumwangusha kifudifudi. Upana usipungue sentimita 90. Pawe na mahali tambarare pa kupumzikia kwenye rampu ndefu, kingo pembeni ili gurudumu lisitoke, vishikio pande zote mbili, na sakafu isiyoteleza ikilowa.

Mlango: uwazi wa sentimita 80 ndio wa chini, 90 ni bora. Fungueni mlango, mpime kutoka kwenye ubao wake hadi kwenye fremu ya upande wa pili. Ukipima fremu na fremu unajidanganya. Kizingiti kiondoke. Kitasa cha kushusha kwa mkono kinafaa kuliko cha duara, ambacho mwenye mikono dhaifu hawezi kukizungusha.

Ndani: acheni njia kati ya viti, na nafasi za viti vya magurudumu katikati ya watu, siyo kwenye kona ya mwisho. Kiti cha magurudumu kinahitaji duara la sentimita 150 kugeuka. Kingo za ngazi zipakwe rangi inayotofautiana. Ondoeni vitu vinavyoning'inia usawa wa kichwa, kama tawi au dirisha linalofunguka nje, kwa sababu fimbo nyeupe hupima chini na haiwezi kuvigundua. Mtu mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu na huumizwa na mwanga mkali: shughuli ya nje iwe na kivuli, na ndani asiketishwe akitazama dirisha.

Choo: hiki ndicho kinachoamua kama mtu atakaa saa nne au ataondoka baada ya moja. Nimekutana na watu wanaojinyima maji tangu asubuhi kwa sababu wanajua waendako hakuna choo watakachokiweza. Wekeni duara lile lile la sentimita 150, vishikio imara ukutani, kiti cha urefu wa sentimita 43 hadi 48, na nafasi ya magoti chini ya sinki. Mlango ufunguke nje au uwe wa kusukuma pembeni, ili mtu akianguka ndani asiuzibe kwa mwili wake. Na tafadhali, kisiwe stoo. Choo kilichojaa mifagio na viti vibovu, ufunguo ukiwa kwa mtu ambaye leo hakuja, ni sawa na kutokuwa nacho.

Hatua ya 5: Endesheni mkutano ambao kila mtu anaufuata

Mkalimani wa lugha ya alama awekewe oda mapema, apewe ajenda, majina na maneno ya kitaalamu siku kadhaa kabla. Kwa kikao kirefu wanatakiwa wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30, maana akili ikichoka tafsiri hupotoka, na anayepotezwa ni kiziwi. Mkalimani asimame mbele karibu na msemaji, mwanga ukimwangaza usoni na dirisha lisiwe nyuma yake. Mwangalie kiziwi unapozungumza naye, usimwambie mkalimani "mwambie kwamba".

Kipaza sauti kikiwepo kitumike na kila mtu. "Sauti yangu inatosha" ni sentensi inayomtoa nje mwenye usikivu hafifu, naye hatanyanyua mkono kusema hasikii. Kila msemaji ataje jina lake kwanza ili asiyeona ajue nani anaongea. Kinachoonyeshwa ukutani kisomwe au kielezwe. Mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mapumziko yawepo kwenye ratiba na yaheshimiwe. Tengeni chumba au kona tulivu kwa anayezidiwa na kelele. Taa za kumetameta zisiwashwe. Zinaweza kumsababishia degedege mtu mwenye aina fulani ya kifafa.

Anayehitaji msaidizi aje naye bila msaidizi kulipishwa kiingilio.

Kuhusu adabu, machache yanatosha. Kiti cha magurudumu ni sehemu ya mwili wa mwenyewe. Usikiegemee wala kukisukuma bila ruhusa. Ukimwongoza asiyeona, mpe kiwiko ashike yeye, usimburute. Mwenye shida ya kutamka mwache amalize, na usipoelewa mwombe arudie. Kuitikia kwa kichwa ilhali hujaelewa ni kumdharau.

Hatua ya 6: Kura na uongozi

Kura ya kunyoosha mikono ihesabiwe na kutangazwa kwa sauti na kwa maandishi. Kura ya siri ibaki siri kwa kila mtu. Asiyeona apate kibao chenye matundu cha kuwekea karatasi ya kura, au asaidiwe na mtu aliyemchagua mwenyewe, wala si afisa mliyempangia. Mkataba ule wa 2006 unalitaja hili waziwazi katika ibara ya 29.

Halafu wagombee. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kumpa mtu mwenye ulemavu "dawati la walemavu" na kuhesabu kazi imekwisha. Awe mweka hazina kama anajua hesabu, awe katibu kama anaandika vizuri. Na wasiwe mmoja. Aliye peke yake hugeuzwa pambo la picha, na akitofautiana na wenzake hana wa kumuunga mkono.

Hatua ya 7: Dharura, kisha marudio

Andikeni nani atamsaidia nani moto ukizuka, mkishakubaliana na wahusika wenyewe. King'ora kiwe na taa pia. Lifti isitegemewe. Fanyeni zoezi.

Kila baada ya miezi sita rudieni matembezi ya hatua ya 2 na washauri wenu, na msome orodha ya vikwazo mbele ya wanachama: kipi kimeondoka, kipi bado, kwa nini.

Mkikwama

*"Tumerekebisha kila kitu na bado hawaji."* Mtu aliyefungiwa mlango miaka kumi hapiti tena kuukagua. Pelekeni habari kwa vyama vyao, na kwenye mwaliko mtaje yaliyopo: mkalimani yupo, rampu ipo, choo kipo. Tajeni na yasiyopo. Anayekuta kinyume cha alichoahidiwa harudi.

*"Jengo si letu."* Hamisheni mkutano kabla ya kubishana na mwenye jengo. Ghorofa ya chini ya mahali pengine, hata pakiwa padogo, panawafaa wengi kuliko ukumbi wa juu. Mkataba wa pango ukifika mwisho, wekeni ufikivu kuwa sharti.

*"Mkalimani amekosekana."* Muulizeni kiziwi mwenyewe anataka nini: tarehe isogezwe, mtu achape yanayosemwa kwenye skrini, au mkalimani ashiriki kwa video. Msimtwike mtoto wake kazi ya kutafsiri mambo ya watu wazima, na msiseme "tutakupa muhtasari baadaye". Muhtasari huja uamuzi ukishapita.

*"Mahitaji yanagongana."* Hutokea. Mmoja anaumizwa na mwanga, mwingine anasoma midomo na bila mwanga hapati kitu. Wakalisheni wote wawili muwaulize. Mara nyingi suluhisho ni kugawa chumba: taa upande wa mbele, kivuli nyuma.

*"Wanachama wananung'unikia gharama."* Waonyesheni orodha. Mengi ya hatua ya 3 na ya 5 yanataka mazoea mapya kuliko fedha. Yanayotaka fedha yapangieni mwaka, na kwa jengo jipya yaingie kwenye mchoro, kwa sababu kubomoa mlango ili uupanue ni ghali kuliko kuujenga mpana.

*"Ndugu yake ndiye anayejibu kila swali."* Geukia mhusika mwenyewe, mtaje kwa jina, uliza tena, subiri. Akihitaji muda, mpe. Ndugu akiendelea kudakia, mweleze kwa upole kwamba mwanachama ni huyu na jibu linalotakiwa ni lake, kisha mrudishie mwanachama swali lile lile.